Taa ya kitandani isiyo na moto: jinsi ya kuitengeneza kwa vitu kuukuu vya Owino

Taa ya kitandani ina mtihani mmoja tu: je, unaweza kupitiwa na usingizi huku inawaka, na asubuhi kila mtu akaamka salama? Mshumaa hauupiti mtihani huu. Tadooba, ambayo wengine wetu tunaiita kibatari au koroboi, haiupiti pia. Taa ndogo ya betri inaupita, na unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa vitu ambavyo watu wengine wamevitupa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza taa hiyo kwa betri kuukuu ya simu, LED (vile vibalbu vidogo) za tochi iliyoharibika, na mkebe au jerikani. Tunaliongelea sana soko la Owino, Kampala, kwa sababu hapo ndipo vitu hivyo vinapatikana kwa wingi. Lakini kama uko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, au ni mwenyeji wa vijiji vya jirani, usikate tamaa: sehemu kubwa ya vitu hivi huenda tayari viko chini ya kitanda chako au kwa fundi redio wa senta yenu.

Kwa nini moto usikaribie kitanda

Angalia chumba unacholala. Kuna godoro la sponji, blanketi, chandarua, nguo zilizotundikwa kwenye kamba, na huenda turubai au nyasi juu ya kichwa. Chandarua kinaonekana kama kitambaa, lakini vingi vimefumwa kwa nyuzi za plastiki. Kikiguswa na mwali hakiungui polepole kama pamba. Kinayeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya aliyelala. Turubai linafanya hivyo hivyo.

Wafanyabiashara wa Owino wanajua jinsi moto unavyotembea katikati ya nguo. Soko lao liliungua Februari 2009, kisha likaungua tena mwaka 2011, na watu walioweka mtaji wao wote katika marobota ya mivumba walibaki na majivu. Chumba chenye godoro, chandarua na kamba ya nguo ni Owino ndogo.

Tadooba ina ubaya wa ziada. Haina kioo wala kitako kizito, kwa hiyo mkono wa mtoto aliyelala unatosha kuiangusha, na ikianguka inamwaga mafuta pamoja na moto. Moshi wake unaingia kifuani usiku kucha. Halafu kuna ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa iliyowekwa pembeni ya kitanda, ambayo mtoto mwenye kiu anaidhania maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yakipanda juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Kama usiku wa leo huna kingine ila mshumaa, uweke ndani ya mkebe mpana wenye mchanga, mkebe ukae sakafuni mbali na chandarua, na uuzime kabla ya kulala chini. Usiuweke ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, na usiushikamanishe na ukingo wa kitanda.

Njia ya kwanza, bila kununua kitu

Tochi yoyote inapiga mwanga sehemu moja na kuumiza macho. Ili iwe taa ya chumba, mwanga wake lazima utawanywe. Chukua jerikani (bidoni, au dumu kama mlivyozoea kusema) ya lita 5 ya plastiki nyeupe au ya njano inayopitisha mwanga, ijaze maji, kisha funga tochi ya kichwani kwa mpira wake ikitazama ndani ya jerikani. Jerikani nzima itang'aa. Ile ya njano inatoa mwanga wa joto, unaofanana na wa taa ya mafuta, na kwa kulala ni bora kuliko nyeupe.

Kwa tochi ya simu, ilaze simu mezani, taa yake ikitazama juu, kisha weka juu yake chupa ya maji iliyofungwa kifuniko vizuri. Maji safi yanapitisha mwanga moja kwa moja, kwa hiyo yatie ukungu kwa matone machache ya maziwa au kipande kidogo cha sabuni ya mche. Maziwa yataoza baada ya siku mbili, sabuni haiozi. Hakikisha chupa haivuji.

Njia hii ni nzuri kwa dakika chache, lakini inakula chaji ya simu. Usiku ndio wakati ambao mtu anaweza kuhitaji kupiga simu kwa sababu ya mgonjwa, mama mwenye uchungu au mwizi. Kwa hiyo ni afadhali kuwa na taa inayojitegemea.

Vitu vya kutafuta Owino

Jina rasmi la soko ni St. Balikuddembe, lakini ukimwambia mwendesha boda "Owino" anakuelewa haraka zaidi. Lilianzishwa mwaka 1971, liko ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo, na mtu aliyeshuka basi kutoka Mbarara anaweza kufika kwa miguu. Watu wanalijua kwa nguo na viatu vya mitumba. Ila humo humo, na kwa wachuuzi wanaotandika vitu chini kwenye njia za kuelekea paki za taksi, kuna mafungu ya chaja zisizo na kichwa, redio zilizopasuka, tochi zilizokufa na simu ndogo za vitufe, zile wanazoziita katochi.

Tafuta vitu vitano. Kwanza, katochi iliyokufa, ganda lake pamoja na vile vijino vya chuma vinavyoshika betri. Pili, betri yake. Iliyoenea zaidi ni BL-5C, ambayo pia hutumika katika redio nyingi ndogo. Tatu, tochi iliyoharibika yenye LED kadhaa, maana mara nyingi kinachokufa ni betri au swichi, na LED bado ni nzima. Nne, waya wa chaja ya simu iliyokatika. Tano, rezista tatu za omu 100, na hizi fundi redio anaweza kukubandulia kutoka kwenye redio mbovu. Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme. Huna haja ya kukisoma kwa mashine, kwa sababu rezista ya omu 100 ina mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, kisha kwa kawaida mmoja wa dhahabu.

Viatu vya watoto vinavyometameta navyo huja katika marobota, na vina LED ndani. Viache. Kwanza hizo LED zimefungwa ili ziwake na kuzima. Pili, betri yake huwa ni ya kitufe, na tutaona hapa chini kwa nini betri ya kitufe isiingie chumba chenye mtoto.

Kuhusu bei, muulize muuzaji "ssente mmeka?", yaani pesa ngapi, na akitaja mwambie "nsalirako", nipunguzie. Mwite ssebo akiwa mwanaume, nnyabo akiwa mwanamke, hata kama Luganda yako inaishia hapo. Uliza kwa watu watatu kabla ya kutoa pesa. Ukiona mtu anakutajia kwa betri moja kuukuu bei ya shati zima, endelea na safari yako.

Kabla ya kununua betri, ilaze juu ya meza au ubao ulionyooka na uizungushe kwa kidole. Betri nzima ni bapa, inakwama. Ikizunguka kama pia, tumbo lake limevimba, na betri iliyovimba hainunuliwi hata ikipewa bure. Inuse pia. Betri inayovuja ina harufu tamu kali kama dawa ya kutoa rangi ya kucha.

Kuunganisha

Taa yangu ya kwanza niliifunga LED moja kwa moja kwenye betri. Iling'aa kama jua la Karamoja, ikanuka, ikazima, na sikujua kosa mpaka fundi alipocheka. Betri ya simu iliyojaa ina volti 4.2. LED nyeupe inataka kama volti 3 tu. Ile tofauti lazima imezwe na kitu kingine, na hiyo ndiyo kazi ya rezista. Kila LED ipewe rezista yake. Usiziunganishe LED tatu kwa rezista moja, kwa sababu haziko sawa, na ile laini zaidi itanyonya umeme mwingi na kufa mapema.

LED mpya ina miguu miwili, mrefu ni wa chanya na mfupi ni wa hasi. Ikiwa umeitoa kwenye tochi na miguu imeshakatwa, itazame ndani kwa mwanga: kile kipande kikubwa chenye umbo la kikombe kwa kawaida ni upande wa hasi. Ukikosea haitawaka tu, geuza.

Sasa kata waya wa chaja. Ndani utakuta waya mwekundu na mweusi. Kama kuna wa kijani na mweupe, ukate uwache. Waya wa spika za masikioni usiutumie, umepakwa rangi inayozuia umeme na utakusumbua bure. Nyekundu iunge kwenye kijino cha chanya cha ganda la katochi, nyeusi kwenye cha hasi. Betri ya BL-5C ina sehemu tatu za kugusa, na alama za + na − zimeandikwa kwenye ngozi yake. Mbili za pembeni ndizo za umeme, ya katikati iache. Kutoka nyekundu, umeme unapita kwenye rezista, kisha mguu wa chanya wa LED. Mguu wa hasi unarudi kwenye nyeusi. Rudia hivyo kwa LED ya pili na ya tatu. Kati ya betri na LED weka swichi ya ile tochi mbovu.

Kama huna chombo cha kulehemu, sokota waya kwa nguvu na ufunike kila kiungo kwa utepe, chanya isiguse hasi. Lakini ningekushauri umpelekee fundi redio kazi ya kulehemu. Ni viungo vichache, ni dakika chache, na taa haitazimika kila ukiitikisa. Asilehemu kwenye betri yenyewe. Joto linaiharibu na linaweza kuilipua. Ndiyo maana tumetafuta ganda la katochi: betri inaingia na kutoka bila kuchomwa.

Inakaa muda gani? Kwa rezista za omu 100, LED tatu kwa pamoja zinakula wastani wa miliampia kama 25. Betri ya BL-5C ikiwa mpya imeandikwa miliampia-saa 1,020, hivyo kwa hesabu ni karibu saa 40. Betri yako si mpya. Hesabu nusu, saa 20, yaani usiku mbili ukiiacha iwake mpaka asubuhi, au jioni tano za saa nne. Ukitaka ikae zaidi, toa LED mbili. Kwa mtoto anayeogopa giza au mama anayenyonyesha, LED moja inatosha. Ikianza kufifia, itoe ukachaji. Usingoje izime kabisa, kwa sababu betri ya aina hii iliyokaushwa sana haipati nguvu tena.

Kuchaji, tumia ile chaja ya kubana yenye vimiguu viwili vya chuma, au mpe mwenye kibanda cha kuchajia simu.

Ukiwa na mawe ya redio

Kwa wasio na mahali pa kuchaji, kuna mawe ya kawaida ya tochi. Mawe matatu ya volti 1.5 yakipangwa kwa mstari yanatoa volti 4.5, na rezista ile ile ya omu 100 inafaa. Hapa kuna siri ya kuokoa pesa: mawe ambayo redio imeyakataa kwa udhaifu bado yanaweza kuwasha LED siku kadhaa, kwa kuwa LED inataka umeme kidogo sana. Ukiyaulizia kwa Kiganda yanaitwa amanda. Neno hilo hilo ni makaa, kwa hiyo usishangae ukionyeshwa gunia.

Kitu kimoja hatukubali kabisa: kuunganisha taa hizi kwenye umeme wa ukutani, au kupasua betri ya kompyuta ili kutoa seli zilizo ndani. Kazi hizo zinaua.

Kivuli cha taa

LED tatu zikiwa uchi zinachoma macho. Zifunike. Kwa kuwa hazitoi joto la kuunguza, unaweza kutumia vitu ambavyo ukivikaribisha kwenye mshumaa vingewaka: kopo jeupe la maziwa ya mgando, kitako cha chupa ya maji kilichozungushiwa karatasi, kipande cha jerikani ya njano.

Kizuri kuliko vyote machoni ni mkebe uliotobolewa. Ukiugonga msumari mkebe mtupu utabonyea, kwa hiyo ujaze kwanza mchanga uliolowa na kushindiliwa. Chora mistari au maua kwa kalamu, toboa kwa msumari na nyundo kufuata mchoro, mwaga mchanga, na ukunje ukingo wenye ncha usikate watoto. LED zikae ndani, viungo vyote vimefunikwa utepe ili visiguse bati. Usiku utaona nukta za mwanga ukutani.

Rangi ya mwanga si urembo tu. LED nyeupe kwa ndani ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano (waliovumbua hiyo ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014), na buluu hiyo nyingi karibu na macho inafukuza usingizi. Kipande cha bahasha ya kaki au plastiki ya njano kinaipunguza. Kwa mwanafunzi anayesoma, ondoa kivuli na usogeze taa karibu na daftari, kisha kirudishe wakati wa kulala.

Mahali pa kuiweka

Itundike nje ya chandarua, mahali mkono unafika ukiwa umelala. Ikiwa ndani, wadudu wanaofuata mwanga watajaa juu ya kitambaa, na kila ukifungua kuizima mbu anaingia. Anayekwenda chooni usiku aweze kuichukua nzima kama ilivyo, basi weka mpini wa waya juu ya mkebe. Usiweke betri chini ya mto.

Betri nazo zina hatari yake

Tumeukimbia moto wa mshumaa, tusiulete kwa mlango mwingine. Betri ya simu usiitoboe, usiikunje, usiiweke mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Usiichaji juu ya godoro wala wakati umelala. Iweke juu ya sakafu ya saruji au kifuniko cha sufuria. Ikianza kuvimba au kupata moto mkononi, itoe nje, iache mbali na nyumba. Ikiwaka, toa watu kwanza, kisha mwagia maji mengi kutoka mbali. Usivute ule moshi.

Betri ya kitufe, ile bapa inayong'aa kama sarafu, ni hatari zaidi kuliko inavyoonekana. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama imeshaisha nguvu. Hakuna dawa ya nyumbani. Ni hospitali, wakati huo huo, na umwambie daktari ni betri.

Wakati wa kununua badala ya kutengeneza

Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa anayehitaji mwanga kila usiku, na hakuna kibanda cha kuchajia karibu, taa ndogo ya sola iliyofungwa kiwandani inaweza kukufaa kuliko hii. Inunue dukani, mahali wanapotoa risiti na dhamana, na iwashe hapo hapo kabla ya kulipa. Taa za sola za mitumba, zile za bustanini zinazochomekwa ardhini, mara nyingi huuzwa kwa sababu betri yake imechoka. Ifungue: ukikuta ndani jiwe dogo la kuchaji la volti 1.2, hilo hubadilishwa kirahisi, na taa inarudi kufanya kazi.

Betri zilizokufa usizitupe kwenye sigiri, chooni wala shambani. Funika sehemu zake za kugusa kwa utepe, ziweke katika mkebe wenye kifuniko mahali watoto hawafiki, na siku ukienda kwa fundi simu muulize kama anazipokea. Baadhi yao huzikusanya na kuwauzia wanaonunua vyuma chakavu.